Teisco la mtumba: tazama shingo kwanza
Umeuliza kama ununue gitaa la umeme la Teisco la mtumba linalouzwa Bagamoyo, na kama jina hilo ni la kweli. Teisco si jina la kubuni, ilikuwa kampuni ya Japani ya kutengeneza magitaa, iliyonunuliwa na kampuni ya ala za muziki ya Kawai mwaka 1967. Ila hilo gitaa la Bagamoyo usilinunue kwa jina. Bonyeza uzi mnene kwenye freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uchungulie katikati: uwazi kati ya uzi na freti uwe mwembamba, kama karatasi hivi. Ukiwa mpana na skrubu ya kunyooshea shingo haizunguki, au haipo kabisa, liache. Kisha lichomeke kwenye amplifaya usikilize. Ninatengeneza magitaa huku pwani. Hewa ya chumvi inakula soketi na vitufe. Mkwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti mara nyingi ni uchafu tu, unasafishika. Pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ikiwa kimya kabisa, omba bei ipunguzwe sana.