Bibi, mbona lambalamba zangu zinabaki barafu nyeupe?

Jua limekuwa kali, na barua karibu zote zilizonifikia mwezi huu zinauliza habari za lambalamba. Nimefurahi. Nilizigandisha watoto wangu walipokuwa wadogo, na sasa nagandishia wajukuu, kwa hiyo hili ni jambo ninaloweza kulizungumza bila kufungua daftari. Nimechagua barua tano.

Shikamoo Bibi. Natengeneza lambalamba za juisi ya machungwa na stroberi. Zinaganda vizuri na rangi inapendeza, lakini watoto wakizinyonya mara mbili tatu utamu na rangi vyote vinaisha, kinabaki kipande cha barafu nyeupe kwenye kijiti. Mtoto wangu wa mwisho hunirudishia akisema, "Mama, juisi imeisha." Nakosea wapi? – Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu. Huyo mtoto amesema kweli tupu: juisi imeisha, yaliyobaki ni maji.

Fanya hivi kabla hujasoma zaidi. Chukua lambalamba moja, ivunje katikati, uitazame penye mwanga. Utaona miiba myembamba ya barafu imeanzia ukingoni ikielekea kwenye kijiti, kama sindano zilizopangwa. Na pale katikati, karibu na kijiti, rangi imekoza kuliko pembeni. Sababu ni kwamba maji yanapoganda hujitenga. Yanaanza kuganda yenyewe, safi, na kila kilichoyeyuka ndani yake, sukari, rangi, uchachu wa tunda, husukumwa kando na kubanana kwenye mianya kama shira nzito. Mtoto akinyonya anaivuta ile shira, na zile sindano za maji matupu zinabaki mkononi mwake. Juisi ikiwa nyepesi na ikichelewa kuganda, sindano hunenepa na mianya hupanuka, na shira hutoka kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuacha kugandisha juisi iliyochujwa. Gandisha tunda. Stroberi zisage nzima, usizichuje, maana nyuzinyuzi zake na ile pektini inayofanya jamu kushikana ndizo zitakazoyazuia maji yasijitenge ovyo. Embe ndilo tunda linalonipa kazi kidogo kuliko yote. Rojo lake ni zito tayari. Ndizi mbivu, ile yenye madoadoa meusi kwenye ganda, ni rafiki wa kila mchanganyiko mwepesi. Tikiti maji nalipenda sana kwa kula, lakini zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, hivyo peke yake litakupa tatizo lako hilohilo. Lichanganye na embe au ndizi. Usilichemshe ili lipungue maji. Harufu yake ile ya ubichi hupotea kabisa.

Dawa ya pili ni sukari, na hapa ndipo akina mama wengi tunapokosea kwa nia njema. Sukari haiko pale kwa ajili ya utamu peke yake. Maji matupu huganda nyuzi joto 0, lakini maji yenye sukari huganda chini ya hapo, na hata ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri sehemu ndogo hubaki bila kuganda. Hiyo sehemu ndogo ndiyo inayoliruhusu jino lipite. Ukipunguza sukari mno utapata jiwe. Ukizidisha mno utapata rojorojo lisilosimama kwenye kijiti.

Kwa stroberi zako pima hivi: vikombe 2 vya stroberi zilizosagwa, ndizi 1 mbivu, maji ya chungwa 1, na nusu kikombe cha shira. Shira ni sukari kikombe 1 na maji kikombe 1, chemsha mpaka sukari iyeyuke yote, kisha ipoe kabisa. Tia chumvi kidogo sana, ya kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Halafu onja. Mchanganyiko uwe mtamu kidogo kuliko unavyoutaka, kwa sababu ubaridi huufanya ulimi usisikie utamu vizuri. Ukionja ukasema "hapa pametosha", ikiganda utaiona imepooza.

La mwisho ni haraka. Weka mchanganyiko kwenye friji upate baridi kwanza, mimina kwenye vikopo vidogo (vya bati huganda upesi kuliko vya plastiki), visogeze nyuma kabisa ya friza, visibebane, na waambie watoto mlango usifunguliwefunguliwe. Kila wanapochungulia kama zimeiva, sindano zinanenepa.

Bibi, nilisaga nanasi bichi na maziwa na sukari. Nilionja, tamu sana. Nikaacha kwenye friji usiku kucha, asubuhi nikagandisha. Zimekuwa chungu na maziwa yamekatikakatika. Je, niliuziwa maziwa mabovu? – Msomaji wa siku nyingi

Maziwa usiyasingizie. Nanasi bichi, yaani ambalo halijapikwa hata kama limeiva, lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, na kazi yake ni kuvunjavunja protini. Ndiyo maana hulainisha nyama, na ndiyo maana ukila nanasi jingi ulimi huwasha. Kikikaa na maziwa usiku kucha kinayatafuna, na vipande vya protini vinavyobaki ndivyo vyenye ule uchungu. Papai na kiwi nayo yana vimeng'enya vya aina hiyo. Mimi hili lilinipata siku ya kuzaliwa ya binti yangu, nikamwaga sufuria nzima wageni wakiwa mlangoni, na sikujua sababu mpaka miaka mingi baadaye.

Kata nanasi vipande, lichemshe kwa dakika 5 hadi 10 mpaka joto lifike ndani ya kila kipande, lipoe, ndipo usage na maziwa. Joto hukiua kimeng'enya. Baridi haikiui, inakipunguza kasi tu, ndiyo maana friji haikukusaidia. Nanasi la kopo limekwishapikwa kiwandani, hilo tumia lilivyo. Na kama hutaki kulichemsha, basi achana na maziwa: nanasi bichi, shira na maji ya ndimu ni lambalamba nzuri mno bila kuhitaji kingine.

Vijiti vyangu vinalala upande, na kuzitoa ni vita. Juzi nimevuta, kijiti kimetoka chenyewe. – Baba anayejifunza

Hongera kwa kuingia jikoni, baba. Kijiti kikavu cha mti huelea. Viloweke kwenye maji kwa saa moja kabla ya kuvitumia. Kisha gandisha mchanganyiko bila vijiti kwa dakika 45 hadi 60, mpaka uwe rojorojo zito, ndipo uvichomeke, vitasimama vyenyewe. Kama huna muda wa kurudirudi, funika kikopo kwa karatasi ya foili, itoboe tundu dogo katikati, upitishe kijiti hapo.

Usijaze mpaka juu. Maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita moja.

Kuzitoa: chovya kikopo kwenye maji ya uvuguvugu, hesabu taratibu mpaka 15, vuta wima bila kuzungusha. Ikigoma, chovya tena. Maji yasiwe ya moto sana, yatayeyusha nje yote na umbo litaharibika.

Shikamoo Bibi. Nimeachana na sukari, sasa natia asali kwenye kila kitu. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 6, mwingine miezi 9 na meno yanamsumbua. Nimesikia kitu baridi humtuliza. Naweza kuwapa wote lambalamba ya asali na embe? – Mama Mpya

Marahaba mama. Huyo wa miaka 6, mpe bila wasiwasi. Huyo wa miezi 9, asali hapana. Nakuomba sana unisikilize katika hili hata kama umeambiwa vingine na watu unaowaheshimu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, iwe mbichi, iwe iliyopikwa, iwe iliyogandishwa. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulini. Tumbo la mtu mzima huzishinda, ila tumbo la mtoto mchanga bado halijakomaa, zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Friza haiui mbegu hizo, na moto wa jikoni hauziui.

Kwake saga embe bivu au ndizi peke yake, ligandishe kidogo, kisha lipondeponde na umpe kwa kijiko likiwa limelainika. Usimpe kipande kigumu, kinaweza kumkaba.

Kwa yule mkubwa, tumia asali kidogo kuliko ulivyokuwa unatia sukari, kwa kuwa ni tamu zaidi na hulainisha barafu zaidi. Vikombe 3 vya rojo la embe, vijiko vikubwa 3 vya asali na maji ya ndimu 1 vinatosha. Na kwa kuwa umetaja watoto wadogo: ukiongeza maji popote, yawe yamechemshwa na kupoa, na matunda uyaoshe kabla ya kuyamenya, maana kisu huingiza uchafu wa ganda ndani. Watu hudhani friza inaua vijidudu. Inavilaza usingizi tu, vingi huamka barafu ikiyeyuka.

Bibi, shikamoo. Mimi nina miaka 12. Nyumbani hatuna friza ila barafu tunaweza kupata. Naweza kutengeneza lambalamba? Na nani aliyezianza? – Mwanafunzi

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Watu waligandisha vitu vitamu zamani sana kabla ya friza, lakini kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu ya kijiti ni cha mtoto mdogo kuliko wewe. Mwaka 1905, huko California nchini Marekani, Frank Epperson akiwa na miaka 11 aliacha nje kikombe cha maji aliyokoroga na unga wa kutengenezea soda ya kunywa, kijiti cha kukorogea kikiwa ndani. Usiku ulikuwa wa baridi kali. Asubuhi akakikuta kimeganda, akashika kijiti akavuta. Alipokuwa mtu mzima, mwaka 1923, aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki wazo lake, akapewa mwaka 1924.

Wewe unahitaji ndoo, barafu, chumvi nyingi ya kawaida na vikombe vidogo vya bati. Ponda barafu. Changanya vikombe vitatu vya barafu kwa kikombe kimoja cha chumvi, endelea hivyo mpaka ujaze nusu ya ndoo. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke, na barafu inapoyeyuka huvuta joto kutoka kila kilicho karibu nayo, hivyo ndoo inakuwa baridi kuliko barafu yenyewe. Ikichanganywa sawasawa inaweza kukaribia nyuzi 21 chini ya sifuri. Zamisha vikombe vyenye rojo la tunda, midomo yake ibaki juu ya barafu chumvi isije ikaingia. Funika ndoo, izungushie blanketi zito. Chungulia baada ya dakika 30, likiwa rojorojo chomeka vijiti, funika tena, utazame ikifika saa moja na nusu. Barafu ikipungua, ongeza pamoja na chumvi yake.

Usiingize mkono mtupu kwenye mchanganyiko huo hata kwa mchezo, huunguza ngozi kama moto. Tumia glavu au kitambaa kinene, na mtu mzima awe karibu. Kabla ya kula futa kikombe chote kwa nje, hasa ukingoni. Na yale maji ya chumvi yatakayobaki usiyamwage kwenye mimea, yataikausha.