Mia mbili ya nini? Majibu ya maswali yenu ya rangi

Karibu kila mpiga picha wa Lubumbashi aliyeniandikia mwezi huu anauliza jambo moja: ule mstari wa menyu ya kamera ulioandikwa «Espace couleur», yaani uwanja wa rangi: eneo la rangi ambalo namba za picha zinaweza kufikia. Nimechagua maswali matano.

«Kaka, kamera inanipa sRGB na Adobe RGB. Mwenzangu anasema fundi wa kweli anachukua Adobe RGB kwa sababu ina rangi nyingi. Ni kweli?» – mpiga picha wa harusi, Katuba

Mwenzako amesema nusu ya ukweli. Adobe RGB ni ya mwaka 1998, na inafika mbali zaidi upande wa kijani na wa kijani-samawati kuliko sRGB, ambayo HP na Microsoft waliileta mwaka 1996. Lakini hilo neno «nyingi» linadanganya. JPEG, ile faili ya kawaida ya picha, ina ngazi 256 za nyekundu, 256 za kijani na 256 za bluu, uchague hii au ile. Idadi haiongezeki, ila ngazi zinaachana zaidi.

Tena kuna jambo kubwa kuliko upana. Kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, mtu akikuambia «mia mbili», utamuuliza: mia mbili ya nini? Faranga, dola, au kwacha za Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa? Faili ya picha ni namba tupu, na profaili iliyofichwa ndani yake ndiyo inayotaja sarafu. Mashine nyingi za labo, pale picha zinapochapishwa, haziulizi. Zinahesabu kila kitu kuwa sRGB.

Mimi somo hilo nililipia. Picha 120 za harusi moja, zote Adobe RGB, nilizipeleka kwenye labo ya hapa mjini. Zilirudi kama zimepitiwa na vumbi la mwezi wa nane. Kikwembe cha bibi harusi, rangi ya chungwa iliyokuwa inawaka, kilionekana kimefuliwa mara hamsini, na midomo ya mama yake ilikuwa kama haijapakwa kitu. Faili hazikuwa na kosa lolote. Mashine ilisoma dola ikadhani ni faranga. Nilichapisha zote upya kwa pesa yangu, na mama mwenyewe mpaka leo ananikumbusha.

Kwa hiyo harusi, komunyo, picha za kadi: weka sRGB, usahau menyu hiyo. Ngozi zetu, kuanzia nyeusi tii mpaka maji ya kunde, zinaingia zote ndani ya sRGB na nafasi inabaki.

«Napiga RAW tu, na nimegundua kamera ilikuwa kwenye Adobe RGB mwaka mzima. Nimeharibu?» – Kampemba

Hujaharibu kitu. RAW, faili ghafi ya kamera, bado haina sarafu. Ni madini kabla ya kuyeyushwa. Unaamua siku unapoitengeneza kwenye kompyuta. Mpangilio ule unagusa JPEG, pamoja na ile picha ndogo unayoiona nyuma ya kamera. Ukitaka kujua kamera ilikuwa wapi, angalia majina ya faili: kamera nyingi zikiwa kwenye Adobe RGB huanza jina kwa mstari wa chini, kama _DSC au _MG.

«Nilibadilisha picha kutoka sRGB kwenda Adobe RGB ili zipendeze. Nyuso zimekuwa nyekundu kama za watu waliolewa.» – kijana wa Ruashi

Nimecheka, samahani. Kwenye programu kuna amri mbili zinazofanana kwa sura. Moja inapachika profaili, nyingine inageuza. Kupachika ni kufuta neno «faranga» kwenye noti na kuandika «dola»: namba ni ileile, ila thamani imeruka, na rangi zinaruka nayo. Kugeuza ni kwenda kwa mbadilisha pesa: namba zinabadilika ili thamani ibaki. Wewe umepachika. Rudisha sRGB kwa amri ileile ya kupachika na nyuso zitatulia.

Halafu jua hili: hata ukigeuza vizuri kutoka sRGB kwenda Adobe RGB, hupati rangi mpya hata moja. Kilichopotea kwenye kubadilisha pesa mara ya kwanza hakirudi ukibadilisha mara ya pili.

«Ninauza mikufu na wanyama wa malakiti. Kwenye jiwe naona kijani cha namna saba. Kwenye kalenda niliyochapisha imekuwa kama sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa.» – mama mfanyabiashara, Likasi

Mama, hapa ndipo Adobe RGB inapolipa. Mistari ile myepesi ya malakiti, inayoelekea samawati, inaweza kutoka nje ya mpaka wa sRGB, na ikigonga mpaka, namna tatu za kijani zinakuwa moja.

Lakini anza na mwanga kabla ya menyu. Jiwe lililosuguliwa ni kioo: linarudisha weupe wa dirisha, na weupe huo unaosha kijani. Weka tembo wako kando ya dirisha, si mbele yake, na upande wa pili simamisha kitambaa cheusi. Sogeza kitambaa polepole huku ukitazama jiwe. Utaona ukungu mweupe unateleza, na mistari inatoka mmoja mmoja.

Kisha piga RAW, itengeneze kuwa TIFF ya Adobe RGB yenye biti 16, na hiyo iwe faili mama usiyoigusa. Biti 8, yaani zile ngazi 256, kwenye uwanja mpana huweza kuleta mikwaruzo ya ngazi-ngazi ukivuta rangi sana. Printa nzuri ya wino, yenye wino za aina nyingi na karatasi ya picha, inaweza kutoa sehemu ya kijani hicho ambayo sRGB ingekata. Muulize mwenye printa kwanza kama anasoma profaili.

Kalenda ni habari nyingine. Mashine ile inatumia samawati, majenta, njano na nyeusi, na kijani kikali kinachowaka kwenye skrini haiwezi kukifikia. Omba mchapishaji profaili yake, washa kwenye programu yale mandhari yanayoiga karatasi, na pale mistari inapomezana punguza ukali mwenyewe mpaka iachane. Kijani kitakuwa cha unyonge kidogo, lakini mistari itahesabika. Asipojua profaili ni nini, mpe sRGB na umwombe nakala moja ya majaribio kabla ya zile mia tano.

«Picha zangu zinatoka labo nyeusi-nyeusi. Nichague uwanja gani wa rangi?» – mwanafunzi

Hakuna hata mmoja utakaokusaidia, shida ni mwanga wa skrini. Unafanya kazi skrini ikiwa juu kabisa, picha inaonekana inang'aa, kumbe faili ni nyeusi. Na kuna mtego wetu wa hapa: umeme ukikatika, laptopu inaingia kwenye betri na kujipunguzia mwanga yenyewe. Nusu ya harusi umeitengeneza kwa mwanga mmoja, nusu kwa mwingine. Zima hiyo hali ya kujipunguza, teremsha skrini mpaka karatasi nyeupe iliyoshikwa kando yake ifanane nayo kwa mwanga, kisha chapisha picha moja tu uilinganishe.