Gauni linapinda mara mbili mhusika akikaa: limekosewa wapi?

Swali: Natumia Blender, programu ya kuunda picha za 3D. Nimeunda mhusika wa kike, nikampa pozi: ameketi kitini, mkono wa kulia umeinuliwa juu ya kichwa. Gauni lake lilitengenezwa kwa pozi la T (mhusika amesimama wima, mikono imenyooshwa pembeni), kwa hiyo nililivuta nukta kwa nukta, zile zinazounda umbo lake, mpaka likamkaa. Nilipoliunganisha na mifupa (kiunzi cha ndani kinachousogeza mwili), mkono wa gauni ukapinda tena na kuvuka kichwa, sketi ikazama ndani ya kiti, na ngozi ikaanza kutokeza kwapani na mapajani. Nikiondoa modifaya ya mifupa (kifaa kinacholibadilisha umbo gauni bila kuligusa umbo la asili), gauni linarudi sawa, lakini haliufuati mwili. Nianze upya?

Jibu: Kwanza niulize: unataka picha moja tu, au mhusika huyu atatembea? Kama ni picha moja, kazi umeshaimaliza. Ondoa modifaya, acha gauni kama ulivyolivuta, rekebisha kwapa, renda (toa picha ya mwisho). Nguo ya picha moja haihitaji mfupa hata mmoja, na wengi hupoteza muda kuunganisha kitu ambacho hakitasogea kamwe.

Kama atasogea, elewa kwanza kilichotokea. Modifaya ya Armature, yaani hiyo ya mifupa, haijui kwamba umeshalikunja gauni. Huchukua umbo lolote inalolikuta na kulihesabu kuwa ndilo la pozi la mwanzo, kisha huzungusha kila nukta kwa kiasi ambacho mfupa wake umezunguka tangu pozi hilo. Mfupa wa mkono umepanda nyuzi 90 kutoka pozi la T, nawe ulishaupandisha mkono wa gauni nyuzi hizohizo. Zikijumlishwa ni 180. Sketi nayo imekunjwa nyongani mara mbili, ndiyo maana imezama kitini. Gauni halina ubovu. Limepewa pozi mara mbili.

Fundi cherehani hukupima ukiwa umesimama wima, kisha ukae utakavyo. Hapa ni vilevile: rudisha kiunzi kwenye pozi la mwanzo (kwenye data za kiunzi kuna kitufe chake, na hakifuti pozi lako), lete nakala ya gauni ambayo hukuigusa, na livalishe hapo. Kabla ya yote, tekeleza skeli ya mwili na ya gauni kwa Ctrl+A (ukubwa uliowapa uwe ndio wao wa kudumu), la sivyo vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Huenda mwili wako uliundwa mikono ikiwa imeshuka kidogo, kama herufi A, ilhali gauni ni la T. Hapo inua mikono ya mwili ikutane na gauni. Ukishusha mikono ya gauni kwa kuvuta nukta, kitambaa cha begani hujikunja na hakinyooki tena. Kisha, kwenye nakala ya faili, tekeleza modifaya ya Armature ya mwili, lifanye pozi hilo kuwa la mwanzo, na uirudishe modifaya. Mwili wenye funguo za maumbo (maumbo mbadala yaliyohifadhiwa), kwa mfano za sura ya uso, Blender itakataa kuutekelezea modifaya, kwa hiyo lifanye hili kabla hujazitengeneza.

Sasa uzani wa mifupa, yaani kiasi ambacho kila mfupa huivuta kila nukta. Usichague uzani wa kujitengeneza wenyewe (Automatic Weights). Programu huukokotoa kwa kutazama meshi (wavu wa nukta) ya gauni peke yake, bila kujali ngozi iliyo chini yake imegawiwaje. Kiwiko cha mwili kikipinda hivi na cha gauni kikapinda vile, ngozi lazima itokeze. Nakili uzani kutoka mwilini kwa modifaya ya Data Transfer, ukichagua uso wa karibu zaidi uliokadiriwa (Nearest Face Interpolated). Kwa kiwiliwili na mikono ya gauni, hapo shida nyingi huisha.

Sketi ni habari nyingine. Nukta iliyo katikati ya mapaja, ikitafuta ngozi ya karibu, huangukia paja la kushoto, na jirani yake la kulia. Miguu ikiachana, sketi hutanuka vibaya katikati. Unaweza kulainisha uzani hapo, lakini kwa mtu aliyeketi mimi hata sijaribu. Naiachia simulesheni ya kitambaa, programu ikokotoe yenyewe jinsi kinavyoanguka.

Tengeneza kundi la nukta lenye uzani kamili kifuani, unaofifia kiunoni hadi sifuri kwenye sketi, na ulitumie kama pini, yaani sehemu isiyoachiwa kuanguka. Kwenye orodha ya modifaya, ile ya Armature ya gauni ikae juu ya ile ya kitambaa, ili kifua kifuate mifupa na sketi ianguke yenyewe. Mwili na kiti vyote viwe na Collision (modifaya ya kugongana na kitambaa), na kwenye mwili hiyo iwe chini ya Armature. Mpangilio huu huwasumbua wengi: ukiwa kinyume, sketi hugongana na mwili usioonekana ambao bado umesimama kwa pozi la T.

Fremu ya 1 iwe pozi la mwanzo. Mlete polepole hadi akae kwenye fremu ya 40, kisha mwache atulie hadi ya 80 kitambaa kilale. Ukimkalisha kwa fremu tano, paja litaruka kitambaa kati ya hatua moja na nyingine kabla mgongano haujaonekana. Hatua za ubora za simulesheni huanzia 5. Panda hadi 10 au zaidi. Umbali wa kugongana huanzia mita 0.015, yaani milimita 15, ambao unafaa kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kama mhusika wako ana urefu wa sentimita 17 ndani ya programu, nguo itaelea mbali naye kama puto.

Sketi ikitetemeka au kulipuka, tazama pozi kabla ya kugusa namba. Mara nyingi paja limeingia tumboni, au makalio yamezama kitini, na kitambaa kilichobanwa katikati hakina pa kwenda. Mwinue kidogo, kwenye picha hakuna atakayeiona nafasi hiyo.

Ngozi itakayobaki kutokeza kwapani, ifiche kwa modifaya ya Mask. Wapo wanaoona ni ujanja wa wavivu. Mimi naona ni upotevu kuhangaika na ngozi isiyoonekana. Acha tu safu chache za ngozi chini ya kola na pindo, la sivyo mhusika ataonekana mtupu ndani.

Kama kazi ya kuvuta nukta inakuuma kuitupa, kuna njia ya kuiokoa. Toa Armature kwenye gauni, mwili ukiwa bado umeketi weka modifaya ya Surface Deform, ielekeze kwenye mwili na uifunge (Bind). Kuanzia hapo gauni litafuata ngozi, hata akisimama. Kwa sehemu zinazobana mwili hufanya vizuri. Sketi pana itasumbua. Ikikataa kufunga, kagua meshi ya mwili: kingo inayoshirikiwa na nyuso zaidi ya mbili, au nukta zilizolaliana, huizuia.

Wanaotumia Poser, programu nyingine ya wahusika wa 3D, hukutana na shida hiyohiyo kwa sura nyingine. Nguo za kufuata mwili zina mifupa yenye majina sawa na ya mwili, na mizunguko hunakiliwa kwa jina. Mfupa wa nguo uliouzungusha mwenyewe awali hujumlishiwa mzunguko huo mpya, kwa hiyo sifurisha mifupa yote ya nguo, pamoja na mahali iliposogezwa, kabla ya kuifungamanisha na mwili.