Kiini cheupe na vitamini za yai

SWALI: Nafuga kuku wa mayai hapa Ujiji. Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi meupe, pumba, mashudu na dagaa. Wateja wanasusa, eti kiini kikiwa cheupe yai halina vitamini. Nikiwawekea kuku mawese itasaidia?

JIBU: Dada yangu, inaniuma kusikia mayai mazuri yanasuswa kwa sababu ya rangi. Unjano wa kiini hutoka kwenye mahindi ya njano na majani mabichi. Mahindi meupe hayana rangi hiyo. Protini iko pale pale, kama gramu 6 kwa yai la kawaida. Kuku akikosa protini hupunguza kutaga au hutaga mayai madogo, hatagi yai lisilo na protini.

Kinachopanda na kushuka kufuatana na chakula ni vitamini A, D, E na B12, madini joto, seleni, na aina ya mafuta ya kwenye kiini. Hapo ndipo dagaa wako wana thamani kubwa, maana omega-3 yao, yaani mafuta mazuri ya samaki, huingia kwenye kiini. Ila wachague. Vunja mmoja: akikunjika bila kukatika, hajakauka. Ukisikia harufu kali ya mafuta yaliyochacha, waache huko huko sokoni Kibirizi, kwani mafuta hayo huharibu vitamini E ya mchanganyiko mzima. Wala usizidishe kilo 10 katika kilo 100 za chakula, mayai yasije yakanuka samaki.

Mawese weka, kilo 2 katika 100 zinatosha. Karotini yake, ile rangi nyekundu ya mawese, kuku huigeuza kwa sehemu kubwa kuwa vitamini A, kwa hiyo faida ipo, lakini rangi usiitegemee huko. Rangi itafute kwenye mchicha, matembele au majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini. Mboga zifunge fungu, zining'inize bandani wadonoe. Kiini hujengeka kwa siku 10 hivi, basi wape wiki mbili kabla ya kuhukumu.

Chokaa nayo iwepo kwa ajili ya ganda; kalsiamu ya ndani ya yai haiongezi.

Hukusema mashudu ni ya nini. Ya alizeti ni salama. Ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, ambayo hugeuza kiini kuwa cha kijani-kahawia, hasa mayai yakikaa siku nyingi. Niandikie ni yapi na kuku ni wangapi, nikupigie hesabu ya mchanganyiko.