Kwa wanaoanza kupasha moto kaboni iliyopandikizwa ioni

Utaambiwa mapema kwamba joto huponya kaboni iliyopigwa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme zilizorushwa ndani yake kwa kasi. Kabla hujakubali, uliza ni kaboni gani, na imeharibika kiasi gani. Ioni zikiingia hung'oa atomi mahali pake na kuacha nafasi tupu. Katika almasi iliyoumia kidogo, nafasi hizo huanza kuhama kwenye nyuzi 800 hivi za Selsiasi, na baadhi hunaswa na atomi za naitrojeni. Uharibifu ukipita kiwango fulani, joto hilohilo huligeuza tabaka lililopigwa kuwa grafiti, wala halirudi tena kuwa almasi.

Panapowakwamisha wengi ni spektra ya Raman, yaani mchoro wa mwanga wa leza uliotawanywa na kaboni, unaoonyesha jinsi atomi zake zinavyotetemeka. Kaboni iliyovurugika kabisa huonyesha nundu moja pana. Ukishaipasha, nundu hugawanyika vilele viwili: D karibu na 1,350 na G karibu na 1,580 kwa sentimita. Kisha D inapanda ikilinganishwa na G, na anayeanza anaandika kwamba joto limezidisha uharibifu. Sivyo! D hutokana na pete za atomi sita, na kaboni iliyovurugika ina pete chache. Joto linapojenga vifuwele (fuwele ndogo sana) vya grafiti, pete huongezeka na D hukua. Uwiano wa D kwa G huanza kushuka baadaye, vifuwele vikishapita nanomita 2 hivi. Kwa hiyo nakusihi usisome uwiano peke yake. Pima pia upana wa G: ukipungua, mpangilio unarudi.

Kwa kaboni ya kioo, yaani kaboni ngumu inayovunjika kama kioo, usitarajie ifike kwenye grafiti. Hata ikiwa nzima ina D kubwa. Linganisha na kipande chake ambacho hakikupigwa ioni, na ukiweke tanuruni pamoja na kile kilichopigwa, safari ileile. Bila hicho sioni namna ya kutetea matokeo yako.

Atomi ulizopandikiza zina habari yake nyingine. Kaboni inaweza kujipanga vizuri huku seziamu, inayochemka kwenye nyuzi 671, ikihamia kwenye uso wa kipande na kutoroka. Pima mgawanyo wake kwa kina kabla na baada ya kupasha.

Na hewa ndiyo inayoharibu kazi kimyakimya. Pasha ndani ya ombwe au gesi safi ya agoni, kwa sababu oksijeni kidogo iliyobaki hula kaboni kwenye nyuzi mia kadhaa tu. Tabaka lako mara nyingi halifiki nanomita mia chache. Kipande cha kaboni ya kioo cha sentimita moja ya mraba kikiliwa nanomita 100, kimepoteza mikrogramu 15 hivi, na mizani ya kawaida haitaona kitu. Utadhani atomi zimesogea kuelekea usoni, kumbe uso ndio uliozifuata. Acha tanuru lipoe kabisa kabla ya kuingiza hewa, hata kama foleni ya watumiaji ni ndefu.