Kabla Hujapandisha Pangaboi, Panda Wewe Kwanza Ukaangalie Dari

Pangaboi la sebuleni kwetu halikudondoka. Nalisema mapema kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki watu husubiri sehemu ya damu. Lilichofanya ni kushuka, tena polepole.

Tulihamia Kigamboni mwezi wa kumi na mbili, na wakazi wa Dar mnalijua joto la mwezi huo. Fundi aliyekuwa anamalizia jipsamu akajitolea kutufungia feni siku hiyohiyo, "nawafanyia ya kirafiki." Tukashukuru. Wiki ya tatu nikaona ufa mwembamba kama unywele umezunguka kile kikombe cha juu kinachofunika waya. Mume wangu akasema ni rangi inakauka. Wiki ya tano kikombe kilikuwa kimeachia dari kiasi cha kupitisha kidole, na mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, akahamisha godoro lake hadi kwenye korido. "Mwanangu, chini ya hilo dude mimi silali."

Tukamwita fundi umeme mwingine, mzee wa mtaani kwetu. Nilidhani atatoa tesa, kile kipimio cha umeme. Aliomba ngazi na tochi, akapanda kwenye tundu la dari, akakaa huko dakika kumi tukimsikia anaguna. Aliposhuka akasema, "Mama, feni mmelitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo." Ndoano ilikuwa imekazwa kwa skrubu kwenye kipande chembamba cha mbao kilichowekwa kushikilia jipsamu tu. Jipsamu hairuhusiwi kubeba chochote zaidi ya uzito wake yenyewe, na vile vipande navyo ni hivyohivyo.

Pangaboi la kawaida lina kilo 4 hadi 6. Mtoto mchanga mnene ana uzito huo, kwa hiyo watu hudharau. Shida ni mtikisiko. Motà inazunguka usiku kucha, kila usiku, na kila mzunguko unaivuta skrubu kidogo. Mzee alilaza mbao ya 2 kwa 4 kutoka kenchi moja hadi nyingine, akatoboa katikati, akapitisha boliti yenye ndoano, kisha akaifunga kwa juu kwa washa pana na nati mbili, moja ikiilinda nyingine isilegee. Kazi ya saa moja na nusu. Kama dari lingekuwa bado wazi, ingekuwa robo saa. Kwa hiyo wewe unayejenga sasa hivi, amua mapangaboi yatakaa wapi kabla fundi jipsamu hajaingia, na weka mbao hizo mapema hata kama hela ya feni bado huna. Nyumba ya ghorofa ndoano hushikizwa kwenye nondo kabla ya kumwaga zege. Zege likishakauka, tumia boliti ya chuma ya kupanuka. Zile plagi za plastiki tunazotundikia picha ukutani zisikaribie kazi hii.

Je, ufunge mwenyewe? Kuunganisha mapanga na bomba la kuning'inizia feni pale chini sakafuni, fanya, ni kazi ya bisibisi na subira. Kubadilisha feni bovu kwa jipya mahali palepale, kama una mkono wa kazi na mtu wa kukushikia, inawezekana. Kuvuta laini mpya ya umeme muachie fundi, na muulize leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, bila kuona aibu. Yangu mimi ilikuwa aibu, ndiyo maana nina cha kuwaandikia.

Kuna mazoea mawili yanayonitisha. La kwanza ni "umeme umekatika, tulifunge sasa hivi." Umeme uliokatika hauna miadi. Unaweza kurudi ukiwa juu ya ngazi, waya umeung'ata kwa meno. Zima mein swichi, na mwambie kila aliye ndani ya nyumba asiiguse. La pili ni kuzima swichi ya ukutani peke yake. Shemeji yangu alifanya hivyo, feni likasimama, akashika waya na akarushwa kutoka kwenye stuli. Aliyepiga waya nyumba ile aliipitisha nyutro, waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya moto, yaani waya unaoleta umeme. Ukizima, feni linasimama kweli, lakini moto unabaki unasubiri pale juu. Tangu siku hiyo tunazima mein na bado tunapima kwa tesa.

Rangi nazo zisikudanganye. Nyumba za zamani moto ni mwekundu na nyutro nyeusi. Nyaya za sasa moto ni kahawia, nyutro bluu, na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, ni kijani yenye mstari wa njano. Utakuta nyumba moja ina vyote viwili kwa sababu iliongezwa chumba. Ethi iunganishwe, hata fundi akikuambia "hiyo siyo lazima."

Na kabla hajapandisha kikombe kufunika, mwambie akuoneshe kile kipini chenye miguu miwili kinachopita kwenye boliti ya bomba. Miguu iwe imekunjwa, mmoja huku na mwingine kule. Kipini hicho ndicho kinachozuia boliti isichomoke siku nati itakapolegea, na kwa udogo wake ndicho kinachosahaulika mfukoni mwa fundi.

Urefu: mapanga yawe futi 7 kutoka sakafuni kwa uchache, 8 ni bora, na yasibanane na dari, yaachie kama futi moja ili yapate hewa ya kuvuta. Sasa fikiria chumba cha watoto chenye kitanda cha deka. Futi zako 7 za sakafuni hazina maana kwa mtoto anayeruka juu ya godoro la pili. Sisi chumba kile tuliweka feni la ukutani, basi.

Halafu chandarua. Sijui kwa nini hakuna fundi anayeuliza habari hii. Chandarua cha duara kinataka msumari katikati ya dari juu ya kitanda, na pangaboi nalo linataka palepale. Nimeona nyumba chandarua kimenaswa na kuzungushwa kama pamba kwenye kijiti. Ama uhamie chandarua cha pembe nne chenye fremu, ama ulisogeze pangaboi upande wa miguuni. Taa pia: zile taa za kuchimbia kwenye jipsamu zikiwa juu ya mapanga, chumba kizima kinapepesa kama disko. Zisogezwe nje ya duara la mapanga.

Likianza kuyumba, usikimbilie kumwita mtu. Kaza skrubu za mapanga kwanza. Kisha pima kwa futi kutoka darini hadi ncha ya kila panga, ukilizungusha kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Likikutwa panga moja limeshuka kuliko wenzake, mshikio wake umepinda. Yakiwa sawa yote, bandika sarafu kwa tepu juu ya panga moja, jaribu, hamishia la pili, mpaka litulie. Mapanga huja kwa seti iliyopimwa uzito pamoja, kwa hiyo ukifunga feni mbili siku moja, usichanganye maboksi. Tulichanganya.

Feni za rimoti zenye motà ya kisasa zinakula kama wati 30, wakati haya ya kawaida ni 75 hivi. La wati 75 likizunguka saa 10 kila siku linamaliza uniti 22 na nusu za LUKU kwa mwezi. La rimoti lakini usiliunganishe kupitia regyuleta ya ukutani, ile swichi ya namba za kasi, litakufa.

Na lako la kawaida likianza kuzunguka kivivu, namba 5 ikawa kama namba 2, au likataka kusukumwa kwa ufagio ndipo lianze, mara nyingi ni kapasita, kile kidude kinachoisaidia motà kuanza, imechoka. Isome ubavuni, nyingi zimeandikwa 2.5. Nunua ya namba hiyohiyo, usikubali "hii kubwa zaidi ina nguvu." Langu la chumbani nimelibadilishia mara mbili, motà ni ileile.