Pointi za kufungwa kwa gemu hazikuambii difensi ya timu ya chuo

Kuna mkuu amesema Virginia, timu ya chuo aliyokuwa anaifundisha kocha Tony Bennett, ndio difensi bora ya basketi ya vyuo Marekani kwa sababu walikuwa wanafungwa pointi chache. Difensi ilikuwa kali kweli, sibishi, ila hicho kipimo kinadanganya aisee.

Nilivyokuwa nasoma huko nilitunza stati za timu ya wadada ya chuo kimoja kidogo, na kocha hakutaka kabisa kusikia pointi za kufungwa kwa gemu. Virginia walicheza taratibu mno, wanakaa na mpira hadi shoti kloku (saa ya muda wa kupiga shuti) inakaribia kuisha, kwa hiyo hata mpinzani anapata posesheni chache, yaani zamu za kushambulia. Chukulia timu imefungwa 60 kwa posesheni 60, nyingine 68 kwa posesheni 75. Ya kwanza imefungwa 100 kwa kila posesheni 100, ya pili kama 91 hivi, sasa niambie nani anakaba.

Kuzipata posesheni ni rahisi, mashuti ya wapinzani toa ribaundi zao za ofensi (waliyokosa wakaidaka tena wenyewe) jumlisha tanova (mipira waliyopoteza) jumlisha fri thro (mitupo ya adhabu) mara 0.475 (haifiki nusu maana ile moja ya nyongeza baada ya kikapu na faulo haihesabiki posesheni nyingine). Ken Pomeroy, mchambuzi wa takwimu za basketi ya vyuo, anaenda mbali zaidi, anarekebisha kwa ubora wa mpinzani, na lazima, Divisheni I, ngazi ya juu ya vyuo, ina timu zaidi ya 350 na ratiba hazifanani hata kidogo.

Shida inabaki kwa vitu ambavyo haviandikwi. Stili (kupora mpira) na bloku (kuzuia shuti) zinambeba anayebahatisha, ila aliyesimama sehemu sahihi mpaka pasi ikaghairiwa hana anachopata kwenye karatasi. Na asilimia ya mashuti ya pointi tatu yanayoingia ya wapinzani ina bahati nyingi sana, difensi inachoweza zaidi ni kufanya hizo tatu zisipigwe.

Sisi tukawa tunarudia video tunaandika vitu viwili tu, mpira uliingia kwenye painti (eneo la karibu na ringi) au la, na shuti ilipotoka kloku ilikuwa imebaki sekunde ngapi. Posesheni ambayo mpira haujaingia na zimebaki chini ya 10 tuliiita kavu, hata kama wamefunga. Hapo ndio msaidizi wa kocha alikuwa anawaka, kwake kikapu ni kikapu, lakini mtu akirusha tatu umemwekea mkono usoni kloku inaisha halafu ikaingia, beki wako umlaumu kwa lipi??

Ila usiitumie peke yake. Zoni ya 2-3 (wawili mbele, watatu nyuma, kila mtu analinda eneo lake) kama ile ya chuo cha Syracuse enzi za kocha Boeheim inaweza kukupa kavu kibao huku wapinzani wanajirushia tatu, so weka pembeni yake idadi ya tatu zilizopigwa. Na fasti breki (mashambulizi ya haraka) tulizitenga kabisa, ukizichanganya na hafu koti (difensi ikiwa imeshajipanga) namba zinaharibika, maana nyingi zinaanza na ofensi yako kupoteza mpira.